Nikitoa nakala ya gemu niliyonunua kwa pesa yangu, nimevunja sheria?

BabaNeema_Umoja:
Wadau, hamjambo. Nina PS2, mashine ya gemu niliyoachiwa na kaka yangu pamoja na diski thelathini na ushee, zote orijino. Nyingine alinunua yeye, nyingine nimeziongeza mimi pale mtaa wa Luthuli, Nairobi. Juzi kitinda mimba wangu wa miaka mitano alichomoa diski ya gemu ya kandanda akaifanya sahani ya mandazi ya mwanasesere wake. Mafuta nilipangusa yakatoka, mikwaruzo haikutoka. Sasa mashine inafika kwenye nembo, inakohoa mara tatu, inaganda.

Nataka kutoa nakala za zilizobaki kabla hazijaandaliwa chai. Fundi mmoja mjini anataka elfu tatu na mia tano aweke chipu ya kuifanya mashine ikubali nakala, halafu anipe na diski ya nje yenye gemu mia mbili "za bonasi". Shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika pedi ya gemu maishani, anasema nitalala ndani. Nani mkweli? Siuzi, siazimi mtu.

Fundi_Waya:
Leta mashine, mkubwa. Tangu lini askari akaingia sebuleni kwa mtu kuhesabu sidii?

KaraniMilimani:
Mimi si wakili, ni karani tu kwenye ofisi ya mawakili, kwa hivyo yachukue haya kama maneno ya jirani.

Kutoa nakala yenyewe, shemeji amekutisha bure. Sheria yetu ya Hakimiliki hapa Kenya, ya 2001, inasema mwenye programu ya kompyuta kihalali hahitaji ruhusa ya mwenye haki ili atoe nakala ya akiba. Ila nakala hiyo ni ya akiba tu, na siku ukiuza au kumpa mtu orijino, nayo unaiharibu. Mbishi anaweza kusema gemu si programu tupu, ina muziki na picha ndani. Hoja hiyo ipo, lakini kwa mtu aliyeweka nakala kabatini kwake sioni ikifika mbali.

Kwenye chipu ndipo shemeji ana lake. Sheria hiyohiyo inamhesabu kuwa amekiuka hakimiliki mtu anayekwepa kinga ya kiufundi iliyowekwa kulinda kazi, na pia anayetengeneza au kusambaza vifaa vya kukwepea. Fundi, hapo na wewe umo.

BabaNeema_Umoja:
Sasa nakala nitaitoaje bila kukwepa kitu?

KaraniMilimani:
DVD ya PS2 inasomwa na kompyuta yoyote yenye sehemu ya DVD. Unatoa faili moja la ISO, yaani nakala ya diski nzima, unaliweka, hujavunja kufuli. Taabu ni siku ya kulicheza. Mashine hutafuta alama ya kiwandani ambayo DVD ya kuchoma haina, ikiikosa inakataa. Chipu kazi yake ni kuidanganya kwamba imeiona. Kwa hivyo una haki ya nakala ambayo mashine yako haitaki kuila. Inaudhi, najua.

Na mahakama zenyewe hazikubaliani. Uingereza mwaka 2004 muuza chipu za PS2 alishindwa na Sony. Mwaka uliofuata mahakama ya juu kabisa ya Australia ikampa ushindi muuza chipu mwingine, kisha wakaibadilisha sheria yao. Nisingependa uwe kesi ya kujifunzia hapa kwetu.

Kinyozi_Kayole:
Lakini YouTube wanasema nakala ya akiba ni haki yako!

KaraniMilimani:
Wengi wao wanaongea ya Marekani. Hata huko, nakala ya akiba ya programu inaruhusiwa, lakini sheria yao ya hakimiliki za kidijitali, DMCA ya 1998, inakataza kuvunja kufuli. Ugomvi ni uleule.

Na hizo mia mbili za bonasi, BabaNeema, usiziguse. Akiba ni ya kitu ulicho nacho. Hizo hukuzinunua.

MamaPacha:
Na PS4 je? Gemu inajipakia yote ndani ya mashine, mbona bado inadai diski? Wangu wawili wanaipigania hiyo diski kila Jumamosi.

Fundi_Waya:
Mama, kilichomo ndani ni data, diski ndiyo ufunguo. Mashine inataka kuiona ndipo ifungue. Na usihangaike na kompyuta, hiyo diski imefungwa kwa siri, haitasomeka. Ukitaka amani nunua ya kupakua. Ila hiyo nayo huwezi kuiuza ukiichoka.

BabaNeema_Umoja:
Nimekaa na kompyuta ya kazini tangu saa mbili, nimeshatoa ISO saba. Moja ina mgongo wa buluu, kumbe ni CD, imeisha haraka kuliko zingine. Fundi, mashine haiji. Lakini ile ya mandazi, kuing'arisha ni pesa ngapi? Mke wangu ameshaipaka dawa ya meno.

Fundi_Waya:
Ioshe kwanza. Mia mbili. Na mtoto mnunulieni sahani.