Naomba ushauri: simu ya soko la Marekani kwa laini ya Safaricom kijijini

Wadau, habari zenu. Naomba msaada wa kuchagua simu itakayotumika Kitui vijijini, laini ya Safaricom. Kuna iliyotumika kutoka Marekani kwa bei nzuri, ila masafa yake ya mtandao (mawimbi ya redio ambayo simu hunasa) yananitia wasiwasi.

Karatasi ya sifa zake inaonyesha 4G bendi (makundi ya masafa) 2, 4, 5, 12 na 13 pekee. Safaricom wanatumia bendi 3 (1800 MHz) na bendi 20 (800 MHz), na hiyo 20 ndiyo muhimu kijijini kwa sababu masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta. Bila hizo mbili, simu huenda isishike 4G hata ukiwa chini ya mnara, na neno “unlocked” kwenye boksi halibadilishi hilo. Linaondoa kufuli la kampuni ya mtandao iliyoiuza tu.

Maswali yangu: kuna aliyepata bendi 20 kwenye simu ya Marekani, namba gani ya modeli? (Jina la simu halitoshi, modeli hutofautiana kwa soko.) Na VoLTE (kupiga simu za sauti kupitia 4G) inakubali, au ukipiga simu inashuka 3G?