Sio–Siteko: NDVI imeshuka lakini mafunjo yapo palepale, kosa liko wapi?

Siteko_Busia
Wakubwa, habari za kazi. Tunafuatilia ukingo wa mafunjo kwenye ardhi oevu ya Sio–Siteko, upande wa Uganda, kwa picha za setilaiti za Sentinel-2. Tumechukua mbili za daraja la L2A (zilizoondolewa athari za hewa), moja ya Januari 2020 na nyingine ya Januari 2023, tukakokotoa NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, ndani ya programu ya ramani ya QGIS kwa bendi ya 8 (B8, infraredi ya karibu) na ya 4 (B4, nyekundu). Katikati ya mafunjo mazito imetoka 0.79 ikafika 0.53. Wenzetu wa upande wa Kenya wanatumia Google Earth Engine, huduma ya picha mtandaoni, miezi ileile, na hawaoni mshuko wowote. Tena mstari wetu wa ukanda wa hifadhi, mita 200 kutoka Ziwa Victoria, tuliouchora juu ya ramani za zamani za 1:50,000, haukai sawa na wao. Ripoti ni moja, namba ni mbili. Nani kakosea?

Ramani36
Mafunjo hayajaenda popote. Tazama jina la faili: baada ya tarehe na saa kuna herufi N na tarakimu nne. Kama ya 2020 ni N0213 na ya 2023 ni N0509, mchawi umemkamata. Tangu 25 Januari 2022, lilipoanza toleo la usindikaji 04.00, kila thamani ya pikseli huongezewa 1,000. NDVI ni tofauti ya bendi hizo mbili ukiigawanya kwa jumla yake. Ukitoa bendi ya 4 kwenye ya 8, nyongeza hiyo inajifuta yenyewe. Ukijumlisha haijifuti, inakuwa 2,000 chini ya mstari.

Chukua B8 ya 3,500 na B4 ya 400. Tofauti ni 3,100, jumla 3,900, NDVI 0.79. Sasa ongeza 1,000 kila upande: tofauti bado 3,100, jumla 5,900, NDVI 0.53. Namba zako zilezile!

Kwa picha yenye nyongeza andika hivi kwenye kikokotozi cha rasta:

(B08 - B04) / (B08 + B04 - 2000)

Ile ya N0213 iache na fomula ya kawaida. Na usiamue kwa tarehe ya picha, maana za miaka ya nyuma zimesindikwa upya na kupewa N0500, nazo zina nyongeza. Kuanzia N0400 kwenda juu, punguza. Wenzenu bila shaka wanatumia mkusanyo wenye neno HARMONIZED, ambao umeshapunguziwa; wakipunguza tena wataharibu.

Kipimo cha dakika moja: bofya pikseli ya ziwa, mbali na ufuo na magugu maji, usome bendi ya 8. Maji ya kina humeza mwanga huo, kwa hiyo thamani huwa ndogo, mia kadhaa tu. Ikisoma zaidi ya 1,000, nyongeza ungali nayo.

Dira_na_Kamba
Ramani36 amemaliza la NDVI. La mstari ni jingine kabisa. Ramani zile za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, ilhali simu, GPS na Sentinel hutumia WGS 84. Namba zilezile za mahali, ukizisoma kwa mifumo hiyo miwili, zinaachana kwa takriban mita 300, zaidi kaskazini–kusini. Ukanda wenyewe mnaoulinda ni mita 200, kwa hiyo kosa limeumeza wote ukaisha.

Kwenye QGIS iambie tabaka kwamba ni EPSG:21096 (namba ya Arc 1960, kanda ya 36 ya kaskazini), kisha lihamishe kama faili jipya lenye EPSG:32636 (kanda ileile kwa WGS 84). Kubandika lebo ya 32636 juu ya tabaka la zamani hakusogezi kitu, na hapo ndipo wengi huteleza. Nukta zikirukia maelfu ya kilomita kutoka Busia, kuna mtu amechagua kanda ya 36 ya kusini, ambayo huongeza mita 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini. Halafu hakikisheni kwa vitu vinavyoonekana kote kuwili: daraja, njia panda, kona ya paa kubwa. Vitano vinatosha.

Jambo moja la kisheria. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na fukwe za maziwa zinaupima ukanda wa Ziwa Victoria kuanzia alama ya maji ya chini, si pale maji yalipofika siku ya picha. Mei 2020 kipimo cha kina cha ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, maji yakiwa juu sana. Ukichora kutoka ukingo wa maji wa mwezi ule, unausukuma ukanda hadi mashambani mwa watu, na ugomvi utakaofuata ni halali yako.

Jaruba
Hata mkirekebisha yote hayo, NDVI peke yake haiwezi kuwatofautishia mafunjo, mpunga uliokomaa na miwa. Yote ni kijani. Msilinganishe Januari na Januari tu, chukueni mwaka mzima mwezi kwa mwezi. Mafunjo hubaki juu karibu wakati wote. Mpunga una maji matupu, kijani, kisha mabua. Miwa ndiyo hudanganya, kwa kuwa yaweza kupita mwaka haijakatwa, kwa hiyo tumieni miaka miwili. Ongezeni na kipimo cha unyevu wa mimea: bendi za B8A na B11, zote za mita 20, fomula ya namna ileile. Doa jeusi la Januari huenda ni moto wa kiangazi, na mafunjo yatachipua. Mitaro iliyonyooka ndiyo dalili ya shamba.

Nukta za uwanjani: msisimame ukingoni. Pikseli ya hapo ni nusu mafunjo nusu shamba. Tafuteni kipande cha angalau mita 60 kwa 60 cha kitu kimoja. Mafunjoni hakuingiliki, basi simameni kando, pimeni uelekeo kwa dira, na msogeze nukta mita 40 ndani mkifika kwenye kompyuta.

Wingu lenyewe huonekana. Kivuli chake ndicho hatari, kinafanana na maji. Kwenye tabaka la SCL, linalokuja na picha ya L2A na kuitaja kila pikseli ni kitu gani, ondoeni namba 3 (kivuli), 8, 9 na 10 (mawingu).

Siteko_Busia
Faili ni N0213 na N0509 kweli. Ziwa kwenye ile ya 2023 linasoma 1,140. Baada ya kupunguza, mafunjo yamerudi 0.78. Ila kuna kipande kimoja karibu na mto kimebaki 0.41 kwenye picha zote mbili.

Jaruba
Hicho ndicho cha kwenda kukiangalia. Beba dira.