Mtoto amekiri kuiba simu: makubaliano nje ya mahakama yaandikwe vipi?

Mlezi_wa_Mtaa:
Hamjambo. Kamati yetu imeombwa kuwasimamia watoto ambao upande wa mashtaka umekubali wasishtakiwe. Kwa mfano, mvulana wa miaka 15, mwanafunzi, kosa la kwanza, ameiba simu ya shilingi 9,000 na ameshaiuza. Wazee wanasema tumalizane kwa chifu. Je, inafaa? Na tuandike nini ili makubaliano yasivunjike baada ya wiki mbili?

WakiliMtoto:
Kwa chifu pekee, hapana. Tukio likishaingia OB, yaani daftari la matukio la polisi, mwenye uamuzi ni mwendesha mashtaka. Na shtaka likishafika kortini, haliondolewi bila idhini ya hakimu. Mkimalizana pembeni, faili inabaki wazi na mtoto anaweza kukamatwa tena kwa simu ile ile.

Ili mtoto asishtakiwe, Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inataka akubali kosa kwa hiari, ajue ana haki ya kunyamaza, mzazi au mlezi aridhie, na ushahidi wa kumshtaki uwepo. Hapo pa ushahidi ndipo wengi hukosea. Ushahidi usipotosha, faili hufungwa. Mtoto hapewi adhabu ndogo ya kufidia kesi dhaifu. Na akisema "sikuiba", msimbembeleze akiri ili arudi nyumbani mapema. Huyo ana haki ya kusikilizwa na korti.

Hakikisheni umri kwanza: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, rekodi za shule. Aliye chini ya miaka 12 hana hatia ya jinai kabisa, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka korti ithibitishiwe vinginevyo.

Probesheni_Pwani:
Makubaliano mengi huvunjika kwa sababu ya maneno kama "atakuwa na tabia njema". Nani atapima hilo? Andikeni kitu kinachohesabika. Kwa mfano wako: kuomba msamaha ana kwa ana, iwapo mlalamishi yuko tayari, ushauri nasaha mara moja kwa wiki, kazi ya jamii Jumamosi 8, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, fidia shilingi 750 kila wiki kwa wiki 12, ambayo ni 9,000 kamili. Pesa zitumwe kwa M-Pesa ili kila malipo yawe na ujumbe wake.

Daftari la mahudhurio liwe na safu nne tu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi ya msimamizi. Sahihi iwekwe siku ile ile. Daftari lililojazwa lote kwa kalamu moja mwisho wa mwezi halimsaidii mtoto afisa akiuliza.

Kazi isigongane na masomo, isiwe ya hatari wala ya kumdhalilisha. Kumpeleka afagie soko mchana huku wenzake wakimtazama ni kumwanika, na akishapewa jina la mwizi mtaani, harudi Jumamosi ya pili. Bustani ya zahanati au kupaka rangi madawati inatosha.

Mlezi_wa_Mtaa:
Asante sana. Na mama akishindwa kulipa hizo 750?

Probesheni_Pwani:
Muulizeni kabla ya kutia sahihi anaingiza kiasi gani kwa wiki. Kama hana, punguzeni kiwango na muongeze wiki, au mlalamishi akubali sehemu kama kazi. Umaskini wa mzazi usimrudishe mtoto kortini. Akikosa kuhudhuria, afisa wa watoto aende nyumbani wiki hiyo hiyo aulize sababu. Mara nyingi ni nauli, au mlezi amehama. Akikataa bila sababu, ripoti inarudi kwa mwendesha mashtaka na kesi inaweza kuendelea.

WakiliMtoto:
Nakala ni nne: mtoto, mlalamishi, afisa wa watoto, mwendesha mashtaka. Mtoto asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe ameahidi nini. Akishindwa kueleza, msitie sahihi siku hiyo. Akimaliza masharti yote, ombeni barua ya kufunga faili. Bila barua hiyo, afisa mpya kituoni atakuta tu jina la mtoto kwenye OB.