Yule jamaa wa spika hapa Mwanga, Kigoma kanikatia Pavarotti noti ya mwisho, NAWAKA

Wakuu nimetoka saluni sasa hivi nusu kichwa kimenyolewa nusu bado na sirudi. Mnamjua wote, yule anayejifanya spika ya kijiwe kaachiwa urithi na babu yake. Nimeomba kistaarabu dakika tatu tu niweke Nessun dorma, ile nyimbo ya opera anayoimba Pavarotti wa Italia, maana mimi na hii nyimbo tumetoka mbali, Kitaliano sijui hata cha kuombea maji ila enzi naimba sauti ya tatu kwaya nilikuwa naifanyia mazoezi ufukweni Kibirizi mpaka wavuvi wananizomea. Basi Pavarotti anapanda, vincerò ("nitashinda") ya kwanza, ya pili, ile ya tatu ndo yenyewe, nimefumba macho na kinyozi kasimamisha mashine, mara KIMYA. Kachomoa waya. Kachomoa waya wakuu!! Halafu anauliza "nani kafiwa hapa?" Meli yetu Liemba enzi zake ikipiga honi nani alithubutu kuikatisha? Waya kauchomoa!

Mgebuka Mkavu: Nessun dorma si maana yake "asilale mtu"? Kwa mbu hawa wa Katubuka nani alale 😂

Sauti ya Nne: Puccini mwenyewe aliyeitunga kafa 1924 opera yake Turandot hajaimaliza, we unalilia sekunde tano.

Mleta uzi: Nyie wa besi wivu utawaua. Alichoacha ni mwisho wa Turandot, nyimbo yangu aliimaliza. Na Toscanini, mwongoza okestra, pale Milan 1926, usiku wa kwanza wa opera hiyo, alipofika Puccini alipoishia aliweka fimbo chini akawageukia watu kwa adabu. HAKUCHOMOA WAYA.

Dada wa Ujiji: Bora wewe kaka. Jirani yangu singeli tangu saa kumi alfajiri, mtoto kajua matusi kabla ya kusema mama.

Kahawa Chungu: Na nyie mnaocheza bao kutwa mnaondoka hamjalipa kahawa, uzi wenu nani aufungue?

Mgebuka Mkavu: Huyo huyo wa spika nina deni lake la migebuka miwili tangu Ramadhani. Yaani yeye ndo anadaiwa, msinielewe vibaya.

Mleta uzi: Jamani ile noti

Kahawa Chungu: Kamalizie kunyoa kwanza.

Dada wa Ujiji: Migebuka yenyewe bei gani sasa hivi?

Mgebuka Mkavu: Njoo inboksi dada, ya leo leo, bado inang'aa.

Sauti ya Nne: Na mawese unayo?