Waamuzi wa softboli za skuli, kumgonga mlinzi anayefuata mpira si bahati mbaya

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu, kwa kuwa lililotokea katika mashindano ya softboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbia kupitia vituo viitwavyo beisi) ya wasichana wa skuli hapa Unguja lingeweza kumvunja mtoto wa watu mguu.

Mpira ulipigwa chini, ukabingirika kumwelekea mlinzi, yaani mchezaji wa timu inayodaka, anayesimama baina ya beisi ya pili na ya tatu. Binti alipoinama kuudaka, mkimbiaji aliyetoka beisi ya pili akamvaa, wote wawili wakaanguka, mpira ukaenda zake nyuma, na timu iliyokuwa ikipiga ikaandikiwa pointi mbili. Kocha alipolalamika, mwamuzi alikiri kuwa mlinzi amezuiwa, lakini akasema mkimbiaji hakukusudia.

Hakukusudia! Kwa mpira uliopigwa, kanuni haiulizi hilo hata kidogo. Mlinzi anayeufuata mpira huo ndiye mwenye haki, na mkimbiaji ni lazima ampishe, hata ikibidi azunguke nyuma yake, na akizunguka kwa sababu hiyo hahesabiwi kuwa ameacha njia yake. Asipompisha akamzuia, mpira unakufa papo hapo, yaani mchezo unasimama, mkimbiaji huyo anahesabiwa ametolewa nje, mpigaji anapewa beisi ya kwanza, na wakimbiaji wengine wanarudi kwenye beisi zao, isipokuwa yule anayelazimika kusogea ili kumpisha mpigaji. Zile pointi mbili hazikuwa halali. Kukusudia huulizwa pale mkimbiaji anapozuia mpira ambao mlinzi mmoja anamrushia mwengine, na naamini hapo ndipo waamuzi wetu wanapochanganya mambo.

Kuna wazazi waliopiga kelele kwamba mlinzi ndiye aliyeziba njia. Anayekatazwa kuziba njia ni mlinzi ambaye hana mpira wala hayumo katika kuudaka mpira uliopigwa. Binti yule alikuwa kazini kwake.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba kocha alikatazwa kuweka pingamizi, akaambiwa uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Ni wa mwisho katika alichokiona kwa macho yake, si katika kutumia kanuni visivyo, na pingamizi la kanuni linapokelewa maadamu limetolewa kabla ya mpira unaofuata kurushwa kwa mpigaji. Kocha alikuwa ndani ya wakati.

Baina ya beisi na beisi ni mita 18.29, masafa yanayomtosha msichana kushika kasi kamili, naye anamwendea mwenzake aliyeinama, macho yote kwenye mpira. Nawataka wanaoandaa mashindano haya, Unguja na Pemba, wasimkabidhi mtu kazi ya uamuzi kabla hajafundishwa kanuni za wakimbiaji na kuulizwa maswali yake, wazichapishe kanuni hizo kwa Kiswahili na kumpa kila kocha nakala, na walisikilize pingamizi la mchezo ule kabla ya raundi inayofuata.