Maji ya akriliki yasiyo na lebo: kuna namna ya kujua kama ni MMA (metili methakrileti, kemikali hatari kwa kucha)?

TipsiNaPoda:
Wakuu, nauliza kuhusu maji ya kuchanganyia poda ya akriliki. Kuna haya yanayopimwa kutoka kwenye galoni, chupa haina lebo, na bei ni chini ya nusu ya yenye jina. Kucha zinashika kweli kweli. Tatizo, wateja wawili wanalalamika muwasho pembeni ya kucha, mmoja kope zimevimba. Kutoa nako ni shida: foili na asetoni dakika 40, kucha ngumu vilevile. Ni MMA? Na fundi ajikinge vipi?

Mkemia_Ilala:
Hiyo asetoni imeshakujibu nusu ya swali. Akriliki ya EMA (ethili methakrileti, ndugu yake MMA) ikikwanguliwa juu kwanza, kwa kawaida huanza kulainika ndani ya dakika 15 hadi 20. Ya MMA inagoma. Dalili nyingine mbili: harufu kali isiyo ya kawaida, na kucha iliyokauka inakuwa ngumu hata tupa ya mkwaruzo mkubwa inateleza. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, lakini zikikutana tatu, acha kutumia.

Ugumu huo ndio hatari yenyewe. Mteja akijigonga mlangoni, kucha ya bandia haivunjiki, inang'oa ya asili kutoka kwenye nyama yake. Halafu MMA haishiki vizuri kwenye kucha laini, kwa hiyo fundi anaikwangua kucha ya asili mpaka inabaki kama karatasi. Marekani waliyakamata maji ya MMA tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa malalamiko ya aina hii.

Dai karatasi ya usalama ya bidhaa, uangalie namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho wa kemikali. MMA ni 80-62-6, EMA ni 97-63-2. Muuzaji asiye nayo, mwachie galoni lake. Na usichanganye mambo: poda ikiandikwa polimetili methakrileti si kosa, hiyo imeshaungana tayari. Tunayoyaogopa ni maji.

Bafa_na_Msasa:
Mkuu hapo juu yuko sahihi kuhusu asetoni, ila kope zilizovimba si ushahidi wa MMA. Hiyo ni aleji, na EMA inaileta pia. HEMA, kemikali ya ukoo huohuo iliyomo kwenye jeli nyingi za kucha (CAS 868-77-9), ndiyo inayoongoza kwa kuleta aleji. Kope zinaathirika kwa sababu mtu anajigusa usoni na vidole. Wengi wanalaumu wanja bure.

Aleji inajengeka kwa kugusa ngozi, basi chunga mkono wako. Acha upenyo wa kama milimita 1 kati ya bidhaa na ngozi. Brashi usiikamue kwa vidole. Ushanga wa poda (kitone cha poda na maji kwenye brashi) usiwe chapachapa, maji yaliyozidi hukimbilia pembeni. Kwa jeli, paka tabaka jembamba na utumie taa iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwani jeli iliyokauka juu tu bado ni mbichi ndani, na vumbi lake likikwanguliwa linaleta aleji pia. Jeli nyeusi hupitisha mwanga kidogo kuliko rangi nyingine. Dole gumba likaushe peke yake, maana likiingia na wenzake linalala ubavu.

Hao wawili wasibandike tena chochote cha akriliki wala jeli. Waende kwa daktari wa ngozi, na wamtajie pia daktari wa meno, kwa kuwa baadhi ya vijazio vya meno ni vya ukoo huohuo.

Feni_ya_Nje:
Kuhusu fundi: barakoa ya bluu haizuii mvuke hata kidogo. Barakoa ya N95 inazuia vumbi tu. Mvuke unahitaji barakoa yenye kichujio cha kaboni, au bora zaidi uutoe nje. Feni inayopuliza mezani inauhamishia kwa jirani. Igeuze ivute kuelekea dirishani. Mimina maji kidogo kwenye kikombe chenye kifuniko, na pamba zilizotumika ziingie kwenye ndoo inayofungwa. Glovu ziwe za naitraili, lakini nyembamba zinapenywa ndani ya dakika chache: zikilowa, vua papo hapo.

Asetoni usiiweke karibu na jiko la mkaa, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na unatambaa sakafuni hadi kwenye moto. Na gundi ya tipsi ikimwagika usiifute kwa pamba, inachemka ghafla na kuunguza.

TipsiNaPoda:
Shukrani. Na zilizoko vidoleni, nizibandue?

Mkemia_Ilala:
Usizibandue, utaondoka na kucha ya chini. Kata fupi, saga taratibu hadi libaki tabaka jembamba, kisha ziache zikue. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mpaka iishe yote ni miezi 4 hadi 6. Ila kwa hao wenye muwasho usingoje, daktari aamue. Na wakati wa kusaga, wewe na mteja vaeni N95.