Mliosema bai-waya "inafungua" sauti ya spika, njooni hapa tuhesabiane

Wakuu, salaam. Nimekuja na hasira na sitajifanya sina. Kwa mgeni: bai-waya ni kupeleka jozi mbili za waya kutoka amplifaya hadi kila spika, moja ya besi na moja ya treble (sauti nyembamba za juu). Povu ruksa, ila naomba msome mpaka chini kwanza kabla ya kunirushia vikatuni vya kucheka.

Mambo yalianza nilipobadilisha spika. Hizi mpya nyuma zina teminali nne badala ya mbili: mbili za juu za twita (kile kidogo cha treble), mbili za chini za wufa (kile kikubwa cha besi), na katikati yake vibati viwili vya rangi ya dhahabu vinavyoziunganisha. Nikauliza swali la kawaida kabisa la mtu asiyejua: hivi vibati ni vya nini? Mungu wangu! Majibu niliyopata yangetosha utenzi. "Ng'oa haraka, vinakaba sauti." "Spika yako inapumua kwa pua moja, mkuu." "Besi inaikanyaga treble humo kwenye waya." Muuzaji mmoja wa nyaya (simtaji, anajijua) akamalizia kwamba bila kupeleka jozi mbili za waya kwenye kila spika ni kama sijanunua spika.

Nikanunua. Jozi ya pili kila upande, waya uleule niliokuwa nao, shaba ya milimita mraba 2.5, urefu mita 3. Jumamosi nzima niko nyuma ya kabati na bisibisi, namenya nyaya, nafunga, namenya tena. Jioni nikawasha, nikasikia tofauti.

Ndiyo, nilisikia. Sifichi, maana wengine mtaenda kufukua nilichoandika. Niliandika kwa mkono wangu kwamba besi imekaza, waimbaji wamesogea mbele, na sauti yote ni kama mtu aliyekuwa amejifunika shuka kajifunua. Nikapongezwa. "Karibu chamani mkuu." Kuna mdau alinifuata inboksi kuniuliza kama inafaa naye afanye hivyo, nikamwambia asichelewe.

Wiki sita baadaye nafuta vumbi nyuma ya spika. Ya kushoto, vibati vyote viwili vipo palepale. Sikuvitoa.

Nilichoka.

Hebu lielewe hilo vizuri. Spika ya kulia ilikuwa bai-waya kamili, vibati vimetoka, wufa na waya wake, twita na waya wake. Ya kushoto ilikuwa na jozi mbili za waya zinazokutana kwenye vibati, yaani waya mmoja mnene tu. Wiki sita nimekaa katikati ya hizo spika mbili nikizisifia zote kwa pamoja. Hakuna siku sauti ilielemea kulia. Hakuna siku nilisema kushoto kumekabwa. Hata mgeni aliyekuja na masikio yake "yaliyokomaa" alikaa palepale akatikisa kichwa kwa raha. Kama vibati vinakaba sauti, vilikuwa likizo?

Ndipo nikaanza kutafuta kwa utaratibu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kutoa hela.

Tuanze na hii ya "kuzitenganisha besi na treble". Hizo jozi mbili zinatoka wapi? Zinatoka kwenye teminali zilezile mbili za amplifaya. Zimefungwa pamoja pale. Volti inayoingia waya wa twita ndiyo ileile inayoingia waya wa wufa, muziki wote, kuanzia chini mpaka juu. Kinachogawa ni krosova, ile saketi inayopeleka besi kwa wufa na treble kwa twita, na krosova imo ndani ya sanduku la spika, haikuhama hata sentimita moja. Kinachobadilika kweli ni mkondo: waya wa twita hupitisha mkondo mdogo sana wa besi, kwa sababu kapasita za krosova upande ule zinauzuia. Hilo ni kweli na linapimika. Richard Vandersteen, mtengenezaji wa spika wa Marekani anayeitetea sana bai-waya, ndicho alichokiona alipopima nyaya zake. Simbishii kipimo. Ninachobisha ni kile mnachoruka nacho kutoka hapo, kwamba basi mikondo hiyo ikiwa pamoja inaumizana. Shaba haina tabia hiyo. Besi na treble zikipita kwenye waya mmoja hujumlishana tu, na zikifika kwenye krosova zinagawika kana kwamba hazikuwahi kukutana.

Isitoshe, muziki huohuo umetoka kwenye chombo kinachoupiga ukiwa umechanganyika, ukapita waya mmoja hadi kwenye amplifaya, ukapita transista zilezile, ukatoka kwenye teminali moja. Njia nzima besi na treble zimelala kitanda kimoja. Halafu zikibakiza mita 3 za mwisho ndiyo mnataka zitengwe vyumba!

Tuje kwenye "besi imekaza", maana hapa ndipo nilipojiona mjinga zaidi. Ukinzani wa shaba ni omu 0.0172 hivi kwa mita, kwa waya wa milimita mraba moja. Waya wangu ni mita 3 kwenda na 3 kurudi, jumla 6, gawanya kwa 2.5: unapata omu 0.041. Kwenye spika ya omu 8 hiyo inakula chini ya desibeli 0.05 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Watu wanaofanya majaribio makini ya kusikiliza huridhika wakisawazisha viwango vya sauti ndani ya desibeli 0.1, sasa hii ni nusu yake. Na kama hoja yako ni udhibiti wa wufa, yaani amplifaya kuizuia isiendelee kutikisika yenyewe, nilipima teminali za chini kwa mita ya umeme nikapata omu 6 na kitu, nyingi zikiwa za koili yenyewe. Hizo 6 ziko humo milele. Wewe unahangaika na 0.041.

Sasa sikiliza kichekesho. Baada ya bai-waya, wufa inatumia jozi ngapi za waya? Moja. Ileile moja. Ile ya pili imekwenda kwa twita. Kwa hiyo upande wa besi ukinzani haukupungua hata chembe. Nimenunua waya mwingine na wufa haijafaidika. Lakini kule kushoto nilikosahau vibati, jozi zote mbili zinahudumia wufa na twita kwa pamoja, ukinzani umeshuka mpaka omu 0.02. Yaani kama kuna spika iliyopata nafuu nyumbani kwangu, ni ile niliyoikosea! Na nafuu yenyewe ni sehemu 2 za mia moja za desibeli. Hata popo hajali.

Bado nikasema nisiwe mkaidi, labda tofauti ipo na mimi sikuizingatia. Nikamwita mdogo wangu, tukatumia spika moja tu, kipande kilekile cha wimbo, sauti haiguswi. Mimi nimeipa mgongo spika. Yeye anazima amplifaya, anarusha sarafu, ikimwelekeza anaweka vibati au anavitoa, anawasha, mimi naandika. Hata raundi ambazo habadilishi kitu alikuwa anafungua na kufunga skrubu ili nisipate dalili. Raundi 16. Alikaribia kunikimbia kwenye ya kumi, nikambembeleza.

Nilipatia 9. Kwa kubahatisha tu unategemewa kupatia 8. Ingebidi nifikishe 12 ndipo mtu aanze kuniamini, kwa sababu kufikisha 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika 100. Mimi 9 wangu ni wa mrusha sarafu.

Najua jibu linalokuja: "Kubadilisha kulichukua dakika nzima, kumbukumbu ya sauti haikai hivyo." Sawa kabisa, nakubali. Lakini wewe uliniambia ulisikia tofauti kati ya jana na leo, baada ya saa tano za kumenya nyaya. Kumbukumbu yako ilikaaje? Dakika moja ikimfuta mtu, saa tano zinamfanyaje?

Na lile jibu jingine ndilo lililonifanya nifungue uzi huu kwa hasira hivi: "Kama husikii, basi vyombo vyako ni vya chini, au masikio bado." Hili jibu ni uhuni. Mtu akisema amesikia, hoja imethibitika. Akisema hajasikia, kosa ni lake. Hakuna namna yoyote bai-waya inaweza kushindwa. Ndivyo mganga anavyofanya, dawa isipoponya ujue ulivunja masharti. Halafu kinachofuata unashauriwa upandishe daraja la waya, na mfuko unafunguliwa tena.

Hebu niseme na ya upande wa pili, nisije nikaonekana nafoka tu. Kama waya wako ni mwembamba na mrefu, jozi ya pili ikifungwa sambamba na ya kwanza, vibati vikiwepo, itasaidia kweli. Chukua milimita mraba 0.5 kwa mita 10: huo ni ukinzani wa karibu omu 0.7, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na masafa ya sauti (besi au treble), tuseme kutoka omu 4 hadi 20, utapata mabonde na vilima vya zaidi ya desibeli moja kwenye sauti. Hiyo mtu anaweza kuisikia. Ila kilichosaidia hapo ni wingi wa shaba. Waya mmoja mnene, vibati mahali pake, unamaliza kazi. Vilevile vibati vikilegea au vikiota kutu ni tatizo halisi, na nashuku wengi wenu mlisikia tofauti kwa sababu siku mnafunga bai-waya ndiyo siku ya kwanza mlisafisha na kukaza skrubu tangu spika itoke kwenye boksi. Pengine pia mliirudisha spika sentimita kumi mbali na ilipokuwa, na besi kwenye chumba hubadilika kwa hilo kuliko kwa waya wowote.

Bai-ampu sizungumzii. Amplifaya mbili, hasa krosova ikikaa kabla ya amplifaya, ni mambo mengine.

Kuna mwingine alinielekeza eti kwenye matundu ya spika ya amplifaya, yale ya seti A na seti B, wufa niifunge A na twita niifunge B, nibonyeze A+B. Nashukuru nilisoma kijitabu kwanza. Kuna amplifaya ambazo A+B huziunganisha kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Ukifunga hivyo, krosova ya wufa inazuia treble, ya twita inazuia besi, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya katikati kama redio iliyoanguka ndooni. Huyo mshauri hakuniuliza hata nina amplifaya gani.

"Basi kwa nini watengenezaji wanaweka teminali nne?" Kwa sababu wanunuzi wanaziulizia, na wapo wa bai-ampu wanaozihitaji. Dynaudio kwa miaka mingi wameng'ang'ania jozi moja tu kwenye spika zao. KEF LS50 ya 2012, spika iliyosifiwa kila kona, ina teminali mbili. Wao nao masikio bado?

Nimeshavirudisha vibati kulia. Waya wa ziada nimeuacha uleule, umefungwa sambamba pande zote mbili, kwa kuwa nimeshaulipia na sina hamu ya kurudi nyuma ya lile kabati.

Anayesikia tofauti aje na raundi zake 16 za kutojua kilichofungwa, aandike amepatia ngapi. Picha za nyaya zilizosukwa kama nywele sitaki.

Na wewe mdau uliyenifuata inboksi, nimekuandikia asubuhi hujajibu. Nisamehe sana. Kama hujafungua boksi la waya, lirudishe. Kama umeshafunga, zima amplifaya, rudisha vibati, kaza vizuri, na angalia kusiwe na uzi wowote wa shaba unaogusa teminali ya jirani. Ila kama ulishahamia kwenye amplifaya mbili kama ulivyosema, usivirudishe, utaziunganisha hizo amplifaya zenyewe kwa zenyewe na utaziunguza.